Dripu ya Mtumishi Elifasi

Nchi ya Shangilia haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake husema ni kwa sababu ya wivu wa wachora ramani. Ni nchi ya watu wapole. Serikali yao huwapenda sana, na kila inapowapenda zaidi huwapunguzia kitu kimoja ili wasichoke kubeba vingi.

Enzi hizo nchi nzima ilikuwa imezama katika mapenzi ya filamu. Hazikuwa filamu za ngumi wala za mabinti wanaolia ndani ya magari ya kifahari. Zilikuwa filamu za familia zenye mafundisho ya dini, ambazo baba, mama na watoto wangeweza kukaa mkeka mmoja wakazitazama bila mtu kujifanya anakwenda kunywa maji. Wachezaji wake walikuwa waimbaji wa injili, kwa kuwa ndio watu pekee ambao Washangilia walikuwa bado wanawaamini.

Hapo likazuka tatizo. Kuigiza, kama ujuavyo, ni kusema wewe ni fulani na kumbe si fulani. Je, mwimbaji wa injili aseme uongo mbele ya kamera Jumanne, halafu Jumapili asimame madhabahuni? Baraza la Ukweli wa Filamu lilikaa siku nyingi, likala kuku wengi, na mwishowe mwenyekiti akatoka na jibu. Ilikuwa desturi ya nchi hiyo tangu zamani kwamba mwimbaji, kabla hajaimba, hutoa kwanza ushuhuda, na ushuhuda hauulizwi swali. Anayeuliza hutolewa nje kwa upole, akiwa ameshikwa pande zote mbili. Basi Baraza likaamua kwamba mwimbaji wa injili haigizi, anashuhudia. Lolote atakalolifanya ndani ya filamu, limetendeka.

Serikali ilifurahi kuliko Baraza lenyewe. Mwaka ule ule ilitoka filamu ambamo mama mmoja wa kwaya aliimbia sufuria ya wali ikatosha harusi nzima, na wiki iliyofuata ghala la nafaka la taifa likageuzwa ukumbi wa mazoezi ya kwaya. Ikatoka nyingine ambamo vijana waliimba ukingoni mwa mto, wakavuka wakiwa wakavu. Wahandisi wa madaraja wakaandaliwa keki na kuagwa. Hakuna aliyelalamika. Nani angependa kushikwa pande zote mbili?

*

Mtumishi Elifasi Ndaro alikuwa na sauti iliyojulikana kutoka mpaka hadi mpaka. Aliitunza kama amana. Hakunywa kitu cha baridi, hakufoka, na kila asubuhi alisukutua kwa maji ya chumvi. Tangu ujana wake hakuwahi kukosea mahali pa kuingilia wimbo, na mwanakwaya aliyeingia kabla ya kinanda alimtazama kwa jicho ambalo mtu hakulisahau.

Alikuwa na binti mmoja, Damari, mwenye selimundu. Maumivu yalimjia mtoto bila hodi, yakashika miguu na mgongo, mpaka akawa hawezi kuguswa hata na shuka. Elifasi na mkewe Yudithi walikuwa wanajua la kufanya. Walimbeba hospitali, akatundikiwa dripu, akachomwa sindano ya maumivu, na Elifasi akakaa kwenye benchi la nje akisali mpaka chupa ilipoisha. Hakuwahi kuona ugomvi wowote kati ya sala na dripu. Alidhani vyote viwili vimetoka mkono mmoja.

Siku moja Mheshimiwa Balthazari Kigodi, Waziri wa Filamu, Familia na Furaha, alimtembelea nyumbani na kumkuta mtoto ndiyo kwanza ametoka wodini, amekonda, anachora chini kwa mkaa. Waziri alitoa leso, akalia machozi ya kuonekana, akasema hapa kuna filamu.

Filamu ilitengenezwa, ikaitwa Sauti Iliyomwinua Binti Yangu. Elifasi alikuwa baba. Nafasi ya mtoto alipewa mpwa wa Waziri, binti mwenye afya njema ambaye ilibidi apakwe unga usoni na kukumbushwa kila mara aache kutafuna. Katika filamu ile mtoto aliwekewa dripu, dripu ikashindwa, daktari akainua mikono, na baba akapiga magoti. Alipoimba neno la kwanza, muuguzi aliichomoa dripu akaitupa kwenye ndoo, na mtoto akaruka kitandani. Siku ya kuizindua ukumbi mzima ulilia. Elifasi mwenyewe alilia, maana wimbo ulikuwa mzuri na aliuimba vizuri.

Yudithi hakulia. Walipofika nyumbani alimuuliza mumewe kwa nini dripu ilitupwa. Elifasi akamweleza kwamba ile ni filamu tu, ya kutia watu moyo.

"Basi waambie, Baba Damari," alisema Yudithi. "Waambie wewe mwenyewe, kabla hawajatiwa moyo sana."

Akasema atawaambia Jumatatu.

*

Jumatatu Waziri alihutubia taifa.

"Ndugu Washangilia," alisema, "kwa muda mrefu tumekuwa tukitundikiana chupa za maji kana kwamba sisi ni miche ya nyanya. Sasa mmeona wenyewe. Chupa ilining'inia, mtoto akazidi kuumwa. Chupa ikatupwa, baba akaimba, mtoto akaruka. Serikali yenu sikivu haiwezi kuendelea kununua kitu kilichoshindwa mbele ya taifa zima."

Wizara ya Afya ikaunganishwa na Wizara ya Filamu. Wodi zikawa kumbi za maonyesho, na madaktari wakapelekwa semina ya kujifunza kuongoza kwaya. Wagonjwa walitazama filamu ya Elifasi kutwa mara tatu, baada ya chakula. Waliozidiwa walionyeshwa wimbo peke yake. Waliofariki waliandikwa kuwa walisinzia kabla ya mwisho. Elifasi alivalishwa shada na kupewa jina la Daktari Bingwa wa Sauti. Alitaka kusema kitu pale jukwaani, lakini Waziri alikuwa amemshika mkono huu, mlinzi amemshika mkono ule, na lazima tuseme haki, lilikuwa jina zuri.

Haikupita muda Damari akaanza kuumwa. Safari hii maumivu yalikuja kwa nguvu kuliko zote zilizopita. Elifasi akambeba mgongoni mpaka hospitali, Yudithi nyuma na chupa ya maji ya kunywa. Wodini walikuta pazia jeupe ukutani, na juu ya pazia Elifasi mkubwa kama nyumba anaimba. Wagonjwa waligeuka wakamwona Elifasi wa kawaida ameingia na mtoto mgongoni. Wenye nguvu walipiga makofi.

Daktari Mbelwa, aliyemtibu Damari tangu alipokuwa mchanga, alikuja akiwa ameshika kijiti cha kuongozea kwaya. Alimpima mtoto kwa kiganja, kwa kuwa vipimo vingine vilikuwa vimechukuliwa.

"Mwandikie dripu, daktari," Elifasi alisema. "Kama siku zote."

"Mtumishi, nikuandikie nini?" alijibu Mbelwa. "Kitu pekee ninachoruhusiwa kumwandikia mgonjwa humu ni wewe."

Elifasi akatazama kulia na kushoto. Kisha, na hili Yudithi hakulisahau, akajaribu. Alipiga magoti kando ya mwanawe akaimba kwa uwezo wake wote, pamoja na yule Elifasi wa ukutani, wawili kwa sauti moja. Sehemu moja ya moyo wake ilikuwa imeanza kuliamini lile jina. Wodi nzima ikatulia. Alipofika ubeti wa pili Damari alimshika kidole.

"Baba, basi," alisema. "Niitie daktari."

Daktari alikuwa amesimama palepale na kijiti chake. Aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akamnong'oneza Elifasi kwamba dripu zilizobaki nchini ziko studio ya Wizara. Filamu ya pili ilihitaji dawa nyingi, ili zishindwe kwa wingi.

*

Studio ilikuwa na hospitali nzuri kuliko zote ambazo Elifasi alipata kuziona. Kulikuwa na vitanda vya magurudumu, shuka nyeupe, taa, na nyuma ya ubao uliochorwa dirisha kulikuwa na stoo yenye mlango wa mbao. Mlango ulikuwa wazi. Aliziona chupa kwenye rafu kwa macho yake, na karibu zote zilikuwa tupu, zimetobolewa ili zipendeze zinapotupwa.

Alimwomba mtunza stoo moja nzima. Mtunza stoo, mtu mwenye adabu, alimwambia angependa sana kumsaidia, lakini vile ni vifaa vya sanaa. Chupa ikitumika kumtibu mtu, itakuwa imeharibiwa.

Akamwendea mwongozaji wa filamu, kijana aliyeitwa Tingo, aliyekuwa amekaa chini akiumiza kichwa. Mpwa wa Waziri alikuwa hayupo. Alikuwa ng'ambo, akitibiwa jino. Na kesho yake ilikuwa Siku ya Familia, ambapo tukio la uponyaji lingerushwa moja kwa moja, nchi nzima ikitazama. Elifasi akamwambia mtoto anaye.

Tingo alikwenda kumwangalia Damari, aliyelazwa na mama yake kwenye benchi nje ya studio. Alimzunguka. Alikunja vidole kama dirisha akamchungulia.

"Anaumwa kwa siri mno, Mtumishi," alisema. "Mtazamaji wa nyuma hataelewa. Hawezi kupiga mayowe kidogo?"

"Alipiga jana," alisema Yudithi. "Yamekwisha. Kama unataka mayowe, kijana wangu, nitakupigia mimi."

Tingo akakubali, kwa sharti kwamba mtoto apakwe unga. Alipomkaribia zaidi alisema unga hautahitajika.

Lakini mswada ulikuwa ule ule. Chupa itundikwe, itazamwe kidogo, ishindwe. Baba apige magoti, kinanda kianze, na neno la kwanza la wimbo likitoka, dripu ichomolewe na kutupwa kwenye ndoo. Elifasi aliomba dripu iachwe mpaka iishe. Tingo alimtazama kwa huruma, akasema watu watachanganyikiwa, hawatajua ni nini kimeponya.

*

Muuguzi wa filamu alikuwa Sista Apolonia, muuguzi wa kweli, aliyechukuliwa kutoka wodini kwa kuwa mikono yake ilionekana vizuri kwenye kamera. Asubuhi, kabla taa hazijawashwa, alimtengenezea Damari mto na kuzungumza bila kumtazama Elifasi.

"Nikiweka nimeweka kweli," alisema. "Na dawa ya maumivu nimeitia humohumo. Lakini ukiimba tu nachomoa, Mtumishi. Wapo waliowekwa kunitazama mimi."

"Na nikichelewa?"

"Mimi sijui nyimbo. Najua maji yanashuka taratibu."

Taa zikawaka. Waziri Kigodi aliketi safu ya mbele na ujumbe wake, pamoja na mwenyekiti wa Baraza la Ukweli wa Filamu, aliyekuja na mto wa kukalia. Sindano ikaingia kwenye mshipa wa Damari. Maji ya chupa yakaanza kudondoka. Daktari wa filamu, ambaye kwa kawaida alikuwa mpiga ngoma, akainua mikono kwa masikitiko makubwa. Elifasi akapiga magoti, na kinanda kikaanza.

Wimbo ule aliutunga mwenyewe. Mahali pa kuingilia palipofika, mwili mzima ulimvuta, kama mtu anayeteremka mlima mkali. Alifumba mdomo. Kinanda kikapita peke yake, kikasita, kikarudi mwanzo.

Mara ya pili mpiga kinanda alimtikisia kichwa kumsaidia. Elifasi akatazama sakafu. Mara ya tatu watu walianza kukohoa. Tingo alitambaa kwa tumbo chini ya kamera mpaka miguuni pa kitanda.

"Mtumishi, vipi? Wimbo ni wako mwenyewe."

"Nimesahau," alisema Elifasi.

Alisema kwa sauti, na kipaza sauti kilikuwa wazi. Nchi nzima ilisikia. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza mbele ya watu, na ulitoka ukiwa umenyooka, bila kutetemeka, kwa sauti ile ile aliyoitunza kwa maji ya chumvi.

Waziri alisimama nusu. Akamgeukia mwenyekiti wa Baraza akiuliza huku ameuma meno kama jambo kama hili linawezekana. Mwenyekiti alifikiri. Mwimbaji wa injili, alisema, hasemi uongo mbele ya kamera, hilo lilikwishapitishwa. Akisema amesahau, amesahau. Na mwingine hawezi kumwimbia, kwa maana ushuhuda wa baba hautolewi na jirani. Sheria haikuacha njia nyingine ila kumsubiri akumbuke.

Wakamsubiri. Kinanda kilizunguka mpaka vidole vya mpigaji vikawa vinateleza kwa jasho. Tingo alirudi na kadi iliyoandikwa maneno ya ubeti wa kwanza kwa herufi kubwa. Elifasi akasema machozi yanamzuia kusoma, na hilo halikuwa uongo. Alijua kwamba muda huo, katika kila wodi ya Shangilia, wagonjwa walikuwa wameelekezwa kwenye pazia wakingoja dozi, na mwenye dozi amepiga magoti mdomo umefungwa. Alijua wanakwaya wake aliowakazia jicho walikuwa wanamtazama. Hakuinua uso. Aliyainua macho tu, kidogo kidogo, mpaka kwenye chupa, akaona maji yamefika nusu, akayashusha tena.

"Mheshimiwa anasema uimbe wowote ule," alinong'ona Tingo. "Hata wa watoto."

"Nimesahau na wa watoto."

Sista Apolonia alisimama ameshika mpira wa dripu, tayari kuchomoa, kama mswada ulivyoagiza. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa lolote. Damari alikuwa amekunja ngumi tangu juzi. Ngumi moja ikafunguka. Baadaye kidogo uso ukaachia, akalala, usingizi wa kweli, mdomo wazi, na kamera ikamwonyesha akikoroma mbele ya taifa. Chupa ilipobaki povu tupu, Sista aliichomoa polepole, akaweka pamba. Mtoto akaamka. Alitazama taa, akatazama watu wote wale.

"Mama, kuna uji?" aliuliza.

*

Waziri Kigodi hakufika alipofika kwa kukosa maneno. Alikuwa jukwaani kabla uji haujapatikana.

"Mmeona!" alisema. "Hajaimba hata neno, na mtoto anadai uji. Tulikosea, ndugu zangu, na serikali yenu sikivu haioni aibu kukiri. Dawa haikuwa wimbo. Dawa ni kimya."

Tangu siku hiyo wodi za Shangilia zilitibu kwa kimya. Mapazia yaliteremshwa, madaktari walinyang'anywa vijiti. Mgonjwa aliyeguna kwa maumivu alihesabiwa kuwa anamwagia wenzake dozi, akatolewa nje. Takwimu zilipendeza mno, kwani hakuna aliyesikika akiumwa. Elifasi aliongezewa jina, Daktari Bingwa wa Kimya, na akakatazwa kuimba maisha yake yote, asije akaharibu dawa.

Hilo la mwisho alilipokea kwa utulivu. Lililomnyima raha ni Damari, ambaye alikuwa anacheza uani kana kwamba hakuna siku nyingine ya maumivu itakayokuja. Yeye na Yudithi walijua itakuja.

Asubuhi moja alifungua mlango akakuta watu. Walikuwa wamepanga foleni kutoka kizingitini, wakapita kwa jirani muuza mkaa, mpaka barabarani. Wengine walikuwa na watoto mgongoni, wengine mikononi, na baba mmoja alikuwa amemleta wake kwenye toroli. Hawakusema kitu. Mbele kabisa alikuwa bibi mmoja aliyembeba mjukuu, amemfunika kwa kanga.

Elifasi alielewa wamefuata nini. Aliona aibu kubwa kuliko ile ya studio. Alimsogelea bibi yule akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wamejisumbua, kimya chake hakina kitu ndani, na wala wimbo wake haukuwa na kitu. Alisema kilichomponya Damari ni dripu, na yeye alikuwa anaipa nafasi tu. Alisema awaambie na wenzake, na kama wangetaka kumpiga mawe wampige.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akampandisha mjukuu mgongoni.

"Tunajua, mwanangu," alisema. "Nani hajui? Wote tulikuwa tunaangalia chupa. Tumekuja utuambie mlango uko wapi."

Elifasi akawatazama mmoja mmoja. Hakukuwa na uso hata mmoja katika foleni ile uliokuwa umeshangaa. Akamweleza: nyuma ya studio, ubao uliochorwa dirisha, mlango wa mbao. Sista Apolonia angeweza kuweka, akiombwa vizuri. Neno likapita kutoka kinywa hadi kinywa mpaka barabarani, kisha swali likarudi kwa njia ile ile, likamfikia bibi, naye akamuuliza.

"Zimebaki ngapi?"

"Nzima ni mbili," alisema Elifasi. "Nilizihesabu."

Jibu likaondoka. Alilisikia likienda, likimpita muuza mkaa, likififia. Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Kisha yule bibi akafunua kanga, akamtazama mjukuu wake usoni, akamtazama mtoto wa nyuma yake, na yule wa kwenye toroli. Akatoka pale mbele, akamwita mwenye toroli kwa mkono ashike nafasi yake, kisha yeye mwenyewe akaanza kurudi nyuma, akisimama kwa kila mtoto, akilinganisha nani amezidiwa zaidi.